Puthuppally, miaka 53 na mtu mmoja: ni uchaguzi au usultani?

"Asalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni Mpemba, niko Maskati mwaka wa kumi na moja sasa. Ghalani ninakofanya kazi nina mwenzangu Mhindi wa Kerala, kwao ni pahala panaitwa Puthuppally. Siku moja tunakunywa chai akanambia kuwa mbunge wao alishinda mara 12 mfululizo, kuanzia 1970 mpaka alipofariki 2023, na kiti kikaenda kwa mwanawe. Nikamwambia, ndugu yangu, huo si uchaguzi, huo ni usultani. Akanuna. Mpaka leo chai kila mtu anakunywa kivyake. Nikaona nitafute matokeo mwenyewe. Nimekuta 2011 mzee alishinda kwa tofauti ya kura 33,255, 2016 kwa 27,092, 2021 kwa 9,044, halafu mwanawe 2023 kwa 37,719. Namba zinaruka kama panzi! Tena huko nyuma jina la chama chake linabadilika. Mimi naona pana mchezo. Nimekosea? Na vipi mtu awe mbunge wa jimbo, wakati huohuo awe mkuu wa jimbo zima? Nataka kuandika habari za jimbo hili kwa kikundi chetu cha kusoma hapa, lakini sitaki kuandika uongo."

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umeuliza mambo manne kwa mpigo: vipi mbunge wa jimbo awe pia mkuu wa jimbo zima, kama kura za Puthuppally zilikuwa za kweli, kama namba zinazoruka ni dalili ya wizi, na namna ya kuyaandika yote haya bila kumdhulumu mtu. La tano hukuliuliza waziwazi, ni ile chai. Nalo nitaligusa.

Nianze na hilo la mbunge na mkuu wa jimbo, maana hapo lugha yetu wenyewe imekutega. Kwa Kiswahili Wete ni jimbo, na Kerala nayo tunaiita jimbo. Neno moja linabeba mizigo miwili. Kerala ni jimbo kuu, lenye serikali yake na baraza lake la kutunga sheria. Baraza hilo lina viti 140 vya kuchaguliwa, kila kiti na jimbo lake la uchaguzi, na Puthuppally, katika wilaya ya Kottayam, ni mojawapo ya hayo 140. Wewe Mpemba huhitaji somo refu hapa. Kwenu mtu huchagua mbunge aende Dodoma na mwakilishi aende Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Oommen Chandy, ndiye huyo unayemsema, alikuwa mwakilishi. Bunge la taifa kule New Delhi hakuwahi kuliingia kama mbunge hata siku moja.

Sasa, serikali ya Kerala huongozwa na mjumbe wa baraza mwenye wengi nyuma yake. Cheo chake mfano wake wa karibu kwenu ni Waziri Kiongozi wa kabla ya 2010, ila wa Kerala ana nguvu zaidi kwa kuwa juu yake hakuna rais wa Kerala, yuko gavana tu ambaye kazi zake nyingi ni za heshima. Chandy alishika cheo hicho mara mbili, 2004 hadi 2006 na 2011 hadi 2016. Ukijumlisha, miaka saba haifiki. Muda wote uliobaki alikuwa waziri wa kawaida, au mjumbe wa kawaida, au mpinzani anayepiga kelele kutoka benchi la upande wa pili.

Hilo la upinzani ndilo linalonifanya nisikubaliane na neno lako "usultani". Kupima kama mahali pana uchaguzi, mimi siulizi mtu amekaa miaka mingapi. Ninauliza: upande wake huwahi kushindwa? Kerala upande wake, yaani chama cha Congress na wenzake, umeshindwa sana. Muungano wa kushoto, unaoongozwa na chama cha kikomunisti kiitwacho CPI(M), uliwatoa madarakani 1987, 1996, 2006 na 2016, na 2021 ukashinda tena kwa viti 99 kati ya 140. Hata 2011, aliposhinda yeye na kuunda serikali, hesabu ilikuwa 72 kwa 68. Na nyumbani kwake penyewe? Puthuppally ina halmashauri za vijiji nane. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2020, muungano wa kushoto uliishia kuongoza sita kati ya hizo nane. Sultani gani huyo anayeshindwa kulinda halmashauri za mlangoni kwake? Watu walewale, miezi michache baadaye, Aprili 2021, walimrudisha yeye barazani. Walijua wanachofanya: huku nampa huyu, kule nampa yule.

Na kiti hakikuwa mali yake tangu mwanzo. Kerala ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza 1957, ule uliowaingiza wakomunisti serikalini chini ya E. M. S. Namboodiripad, Puthuppally ilikwenda kinyume na upepo ikamchagua P. C. Cherian wa Congress, na 1960 ikamrudisha. Halafu ikageuka. 1965 alishinda E. M. George wa CPI(M). Maskini, hakupata hata pa kukaa, kwa sababu hakuna upande uliopata wengi wa kutosha na baraza lile halikukutana kabisa. 1967 akashinda tena, safari hii akakaa kweli. 1970 Congress wakamleta kijana wa miaka 26 kutoka siasa za wanafunzi, akamwangusha George kwa kura 7,288. Kijana huyo ndiye Chandy. Kwa hiyo alichukua kiti kutoka kwa mwenye kiti. Hakurithi.

Kabla sijaingia kwenye namba, neno moja juu ya wizi, maana najua mtu wa kutoka kwetu akisikia "alishinda mara 12" moyo wake unakwenda wapi. Huko Kerala aliyeshindwa ana mahali pa kwenda kulalamika na wakati mwingine husikilizwa. Mwaka 1982, kwenye jimbo la Parur, mashine za kupigia kura zilijaribiwa kwa mara ya kwanza India, katika vituo 50. Mgombea aliyeshindwa, A. C. Jose, alikwenda mahakamani akisema sheria ya wakati huo haikuruhusu mashine. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikakubaliana naye, ikaamuru vituo hivyo vipige kura upya kwa karatasi, na mwisho wake kiti akakipata yeye. Siandiki hivyo ili kusema India hakuna hila. Hila zipo kila penye kura. Ila ukitaka kumtuhumu mtu wizi wa miaka 53, lete kesi, lete fomu, lete shahidi. Namba kuruka peke yake si shahidi.

Haya, namba.

Kitu ulichokusanya wewe ni tofauti ya kura kati ya wa kwanza na wa pili. Watu wengi huipenda kwa kuwa ni namba moja na ni rahisi kushangilia. Mimi siiamini sana, na nitakwambia kwa nini. Fikiria watu 100 wamekaa barazani, 55 huku na 45 kule. Tofauti ni kumi. Wakinyanyuka watano tu wa huku wakaenda kule, inakuwa 50 kwa 50, tofauti sifuri. Waliotembea ni watano, lakini tofauti imeshuka kumi. Kila anayehama anahesabiwa mara mbili: anapunguza kule alikotoka na anaongeza kule alikokwenda.

Sasa ichukue 2016 na 2021. Wagombea wakuu walikuwa walewale wawili, Chandy na Jaick C. Thomas wa CPI(M), kwa hiyo ulinganisho ni mzuri. Mwaka 2016 Chandy alipata 71,597 na Jaick 44,505. Mwaka 2021 Chandy 63,372, Jaick 54,328. Mzee amepungua 8,225, kijana ameongezeka 9,823. Jumlisha hizo mbili, unapata 18,048, ndiyo ile tofauti yako iliyoshuka kutoka 27,092 hadi 9,044. Mtu akisoma kwa haraka atasema "wapiga kura 18,000 wamemkimbia mzee". Kumbe wakihama kama elfu tisa tu inatosha, kati ya kura halali zaidi ya 131,000. Ni watu saba katika kila mia. Si panzi huyo, ni mtu anasogea kidogo kwenye mkeka.

Tena kuna mgombea wa tatu ambaye hukumtaja kabisa. Chama cha BJP kilipata kura 15,993 mwaka 2016 na 11,694 mwaka 2021. Zile 4,299 zilizopotea zilikwenda wapi? Kwa Jaick? Kwa Chandy, huku wafuasi wengi zaidi wa Chandy wakienda kwa Jaick? Kuna waliofariki, waliofikisha miaka 18, waliokuwa Ghuba siku ya kura kama mwenzako. Jumla ya jimbo zima haiwezi kukwambia nani alitoka wapi kwenda wapi. Ukiona mwandishi anasema kwa uhakika "kura za BJP zilikwenda kwa fulani" na ushahidi wake ni jumla tu, jua anakisia.

Halafu kuna mipaka, na hapa wewe Mpemba ndiye mwalimu wangu. Pemba ilikuwa na majimbo 21 mwaka 1995 na 2000. Kufika 2005 yamebaki 18. Jina la jimbo linaweza kubaki lilelile, huku shehia moja imetolewa na nyingine imeingizwa. Kerala ilichorwa upya kwa sensa ya 2001, ramani ikatolewa 2008 na kutumika katika uchaguzi wa baraza kwa mara ya kwanza 2011. Ile ya kabla yake ilitumika kuanzia 1977 hadi 2006. Na ule ushindi wa 1970 ulikuwa kwenye ramani ya zamani zaidi. Kwa hiyo Chandy alishinda Puthuppally tatu zenye jina moja. Mwaka 2006 tofauti yake ilikuwa 19,863, na 2011 ikapanda hadi 33,255. Sehemu ya kupanda huko inaweza kuwa ni watu kumpenda zaidi, sehemu inaweza kuwa ni kalamu ya waliochora ramani. Usiweke miaka hiyo miwili kwenye mstari mmoja bila kumwonya msomaji.

Jina la chama kubadilika nalo lisikutishe. Congress iligawanyika mara kadhaa. Mwisho wa miaka ya sabini Chandy alimfuata A. K. Antony katika kipande kilichojitenga na Indira Gandhi, na 1980 kipande hicho kiligombea kikiwa ndani ya muungano wa kushoto! Soma tena hapo: wakomunisti aliowanyang'anya kiti 1970, mwaka 1980 walikuwa upande wake. Kufika mwishoni mwa 1981 wameshaachana, naye akawa waziri katika serikali ya K. Karunakaran wa upande wa pili. Wafuasi wake wakamfuata kwenda na kurudi. Wewe si uliona 2019, Maalim Seif alipotoka CUF kwenda ACT Wazalendo, watu wakasema shusha tanga, pandisha tanga? Bendera zilibadilika usiku mmoja na watu walikuwa walewale. Kwa hiyo ukiandika historia ya kiti hiki kwa kufuata jina la chama tu, utadhani pametokea mapinduzi mahali ambapo palibadilishwa nguo.

Kwa nini basi 2021 ikashuka na 2023 ikapaa? Kwa 2021 nina maelezo mawili. La kwanza lina uzito: Oktoba 2020 chama cha Kerala Congress (M) cha Jose K. Mani, chenye mizizi mirefu katika wilaya hiyohiyo ya Kottayam, kilitoka upande wa Chandy kikajiunga na muungano wa kushoto. La pili ni la kanisa. Wakristo wa Kisiria wa eneo hilo wamegawanyika kati ya Orthodox na Jacobite, ugomvi wa miaka mingi juu ya umiliki wa makanisa, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2017 iliwapa ushindi Orthodox. Chandy alikuwa Orthodox. Manarcad, ndani ya jimbo hilohilo, ni kituo kikubwa cha hija cha Jacobite. Wengi waliofuatilia waliona baadhi ya Jacobite wameegemea kushoto safari ile. Mimi nalikubali kama jambo linalowezekana, ila sitalitilia namba.

Kwa 2023, Chandy alifariki tarehe 18 Julai. Msafara wa jeneza lake kutoka Thiruvananthapuram, makao makuu ya Kerala, hadi Kottayam, kilomita zipatazo 150, ulichukua zaidi ya saa 24 kwa wingi wa watu barabarani. Siku 49 baada ya kifo, tarehe 5 Septemba, wakapiga kura ya uchaguzi mdogo. Mwanawe, Chandy Oommen, akapata 80,144, Jaick 42,425, BJP 6,558. Huzuni ilipiga kura, hilo halina ubishi. Lakini kuna jambo jingine la uchaguzi mdogo ambalo husahaulika: serikali haiwezi kuanguka kwa kiti kimoja. Mtu aliyeichoka serikali ya kushoto, ambayo ilikuwa imetimiza miaka saba madarakani, anaweza kuichapa bila kuogopa matokeo. Kerala Congress (M) ilikuwa bado upande wa kushoto, na haikusaidia kitu. Usiichukue 37,719 kama ushahidi kwamba mtoto anapendwa kuliko baba. Ilikuwa kura ya maombolezo na ya hasira kwa pamoja, na kura ya namna hiyo hailinganishwi na uchaguzi mkuu.

Nimekukosoa sana, sasa nikupe haki yako. Uliponusa harufu ya urithi hukukosea. Mtoto amepewa tiketi kwa sababu ya jina, tena jina lililokuwa bado kwenye mabango ya rambirambi. Ni kura halali na ni urithi, vyote viwili kwa wakati mmoja. Na lipo kosa la upande wa pili ambalo mwenzako huenda hapendi kulisikia: kwa miaka mingi CPI(M) ilikitumia kiti hiki kama uwanja wa mazoezi ya vijana. 2006 walimleta Sindhu Joy kutoka jumuiya ya wanafunzi, 2016 wakamleta Jaick kutoka huko huko. V. N. Vasavan alishindwa hapo 1987 na 1991, na waziri amekuja kuwa 2021 kwa kushinda jimbo jingine la wilaya hiyo. Chama kikishajiambia kuwa hapa hatushindi, kinapeleka watu wa kujifunzia, na rekodi ya mshindi inazidi kurefuka. Sehemu ya zile 12 imejengwa na wapinzani.

Sehemu nyingine aliijenga yeye kwa miguu yake. Jumapili alikuwa nyumbani Puthuppally na watu wamejaa uani na karatasi zao: huyu hospitali, huyu ada ya shule, huyu mpaka wa shamba. Wenyeji walimwita Kunjoonju, jina la utani la nyumbani. Nyumba yake ya makao makuu Thiruvananthapuram aliipa jina la Puthuppally. Unaweza kusema siasa ya kumtatulia kila mtu shida yake mlangoni inadhoofisha ofisi ambazo zingepaswa kuzitatua, nami ningekubali nusu. Lakini huwezi kusema hakuonekana.

Kuhusu kuandika. Ukiandika kwa kufuata mtu, utapata hadithi tamu yenye shujaa mmoja na jimbo litapotea. Ukifuata jina la chama, utapotelea kwenye vipande vya Congress. Ningekuwa wewe ningefuata miungano miwili, ya kushoto na ya Congress na wenzake, nikaandika asilimia ya kura halali badala ya tofauti: Chandy karibu 60 mwaka 2011, 53 mwaka 2016, 48 mwaka 2021, na mwanawe 61 mwaka 2023. Ukiiangalia hivyo, 2021 ndiyo inayosimama peke yake, maana mara hiyo zaidi ya nusu ya waliopiga kura walichagua mtu mwingine. Piga mstari mzito kati ya 1970 na 1977, na mwingine kati ya 2006 na 2011, kuonyesha ramani imebadilika. Uchaguzi mdogo uupe safu yake pembeni.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, mfano kujua kama Manarcad kweli ilihama 2021, hapo jumla za jimbo hazitoshi na jibu langu la maandishi halitakufaa. Utahitaji Fomu 20, inayoonyesha matokeo kituo kwa kituo, na mtu wa takwimu wa kukaa nawe meza moja, kwa sababu vituo navyo hugawanywa na kupewa namba mpya. Mwalimu wa takwimu wa chuo chochote hapo Maskati atakuonyesha kwa saa mbili kitu ambacho mimi ningekiandika kurasa kumi na bado usikielewe. Na kwa habari za vijiji, nani aligombana na nani, kanisa gani lilifungwa, magazeti yenye undani ni ya Kimalayalam. Msomaji wa Kimalayalam unaye ghalani.

Nenda na birika lako. Usianze na namba, muulize kwanza yeye mwenyewe alimpigia nani 2021. Huenda akakwambia hakupiga. Tangu 2011 sheria inamruhusu Mhindi anayeishi nje kujiandikisha kwa Fomu 6A, lakini siku ya kura ni lazima awe kituoni kwake kijijini, na pasipoti mkononi, na tiketi ya ndege amejilipia. Wengi wao hapo Maskati wanaishia kuhesabu kura za wenzao kwenye simu, kama wewe na Wete yako.